Mwalimu wa Mjengo: Mtu akizimia shimoni, nani ashuke?

Mwezi huu nimepokea maswali mengi ya kodi ya nyumba na rangi za chokaa, nitayajibu inshallah toleo lijalo, lakini kuna barua tatu zimenikalia moyoni na zote zaelekea mahali pamoja, yaani hatari na dharura kwenye mjengo, kwa hivyo leo ukurasa wote ni wao.

SWALI: Salaam aleikum Mwalimu. Mimi ni fomeni kwenye mjengo wa hoteli ndogo huku Shela, kisiwani Lamu, ghorofa tatu na juu tutaezeka makuti. Watu ni kama 35 kwa siku, tukimwaga slabu wafika hata 50. Kontrakta ameniletea faili ya mpango wa dharura niibandike ukutani, nimeisoma nikakuta imeandikwa gari la wagonjwa litaingia geti la nyuma na wafanyakazi wakusanyike pakingi. Mwalimu, hapa geti la nyuma hakuna, gari ndio kabisaa, na hio pakingi labda ni pwani hapo mbele ambapo maji yakijaa hupiga ukuta. Tena sahizi tunachimba shimo la choo, tushafika futi 9 na tunatakiwa tufike 14. Nibandike tu ama niandike wangu, na nikiandika naanzia wapi? – Fomeni, Shela

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Usiibandike. Karatasi hio iliandikwa kwa mjengo mwingine wa mji mwingine, mtu akabadilisha jina la mradi pale juu akaiprinti, nimeshika nyingi za namna hio mpaka nikizifungua ukurasa wa kwanza najua. Ubaya wake ni kwamba mwenye mradi akija ataiona ipo, mkaguzi ataiona ipo, na kila mtu ataenda nyumbani roho safi, alafu siku ya siku mtu yuko chini anaugulia na watu 35 wamesimama wakiangaliana. Andika wako. Na ukiandika usianze na maneno, anza na majina ya watu wanaokuja kazini kesho asubuhi, manake mpango wa dharura ni hayo majina, nani afanya nini, na asipokuja huyo nani ashika nafasi yake.

Lakini kabla ya majina nataka tuongee kuhusu lile shimo, kwa sababu ndilo lililoniamsha usiku.

Nilipokuwa bado mwashi nilifanya kazi saiti moja upande wa Malindi. Tulikuwa twachimba kisima, maji yakaanza kutoka, na mpira wa kuvuta maji ulikuwa mfupi kwa hivyo wakateremsha pampu ya petroli ndani ya shimo lenyewe. Injini ikanguruma pale chini kama nusu saa alafu ikazimwa. Kijana mmoja akashuka kuchukua ndoo, hakufika chini, mikono ilimwachia ngazi akaanguka kama gunia. Mwenzake wa pili hakungoja mtu, akavua ndara zake akaziweka pamoja pale ukingoni, zimepangana vizuri kama za mtu anayeingia msikitini, akashuka. Naye akalegea vile vile. Wa tatu alikuwa ashatia mguu kwenye ngazi, mzee mmoja mchonga mawe akamkumbatia kiunoni akaanguka naye chali kwenye mchanga huku akipiga kelele hapana mtu kushuka, hapana mtu kushuka. Wale wawili tuliwatoa wamekufa. Zile ndara zilikaa pale mpaka magharibi, hakuna aliyetaka kuziondoa.

Moshi wa injini una hewa ya sumu ambayo haina harufu wala rangi, mtu avuta mara chache tu miguu yaisha nguvu. Na mashimo ya choo na matangi ya maji taka yana yake, ile inayonuka kama yai bovu, na hio ina hila mbaya sana kwa sababu ikizidi yaua pua kwanza, husikii harufu tena wadhani imetoka kumbe ndio iko kwa wingi. Kuna mashimo mengine hayana sumu yoyote ila pumzi yenyewe imepungua. Wazee walikuwa wakiteremsha taa ya chemni, ikizima hawashuki, lakini taa haitambui sumu hizo mbili na ikikuta gesi inayowaka yaweza kulipua shimo zima, kwa hivyo hio desturi tuiache. Ziko mashine ndogo za kupima hewa zinazokaa mfukoni, mwambie kontrakta anunue ama akodishe, na injini ya petroli ama dizeli isiteremshwe shimoni hata kwa dakika mbili, na isiwekwe karibu na mdomo wa shimo moshi ukarudi ndani.

Kwa hivyo fomeni, jina la kwanza kwenye orodha yako ni la mtu wa KUZUIA. Kazi yake siku ya dharura ni moja tu, asimame kwenye mdomo wa shimo asiruhusu mtu kushuka. Mchague mtu mzima mwenye sauti na heshima, ambaye vijana wakimwona wanasita, usimpe kibarua aliyeanza jana. Na anayeshuka shimoni kikazi siku zote awe amevaa mkanda wa mwili wenye kamba, kamba ishikwe juu na watu wawili ama ifungwe kwenye miguu mitatu ya chuma yenye roda, ili akizimia avutwe bila mtu wa pili kuingia. Huo ndio uokoaji wenyewe, umeandaliwa kabla hajashuka.

Jambo la pili la shimo lako ni mchanga. Shela mwachimba kwenye mchanga wa vilima, huo haushiki. Mita moja ya mchanga kila upande, yaani boksi moja la mita, ni kama tani moja na nusu, na ukiwa na maji ni zaidi, mtu akifukiwa mpaka kifuani tu hawezi kupumua hata kama kichwa kiko nje. Shimo likipita mita 1.2 linatakiwa kuegemezwa kwa mbao na magogo, na wewe ushafika futi 9 ambayo ni zaidi ya mara mbili! Simamisha kesho, tia mbao, rudisha ule mchanga uliorundikwa ukingoni nyuma, na punda wasishushe mizigo karibu hapo. Likiporomoka na mtu yuko ndani, wa kuzuia afanye kazi yake ile ile kwa sababu kingo zitaporomoka tena, mbao ziingie kwanza alafu mchimbe kwa mikono na karai kuanzia usoni na kifuani, sururu na koleo weka mbali naye.

Haya, sasa majina mengine. Mwenye amri ni wewe, na naibu wako ajulikane na kila mtu, manake siku utakayokuwa umevuka kwenda Mokowe, ng'ambo bara, kupokea simiti ndio siku jambo litatokea. Wa simu mmoja. Wa kuzima jenereta na swichi kubwa mmoja, na watu waambiwe mpaka huyo apige kelele kwamba umeme umezimwa hakuna kumgusa mtu aliyenaswa. Wa huduma ya kwanza angalau wawili waliofunzwa kweli, Msalaba Mwekundu wanafunza, na sanduku likae mahali wazi, sio limefungwa kufuli ofisini na ufunguo uko kwa kontrakta. Kila ghorofa iwe na mtu wa kupekua, akisikia ishara apite vyumba vyote akiita, choo na stoo ya rangi asizisahau, alafu awe wa mwisho kushuka aje aseme "ya pili tupu", "ya tatu tupu".

Wa machela wawe sita. Sita kwa sababu vichochoro vyetu wavijua, wanaingia wawili tu mbele na nyuma, kuna ngazi, kuna kona, na mgonjwa ni mzito, lazima wapokezane. Hapa nakuomba sana. Nimeona mtu ameanguka kutoka kwenye jukwaa akabebwa kwa wilbaro, miguu inaning'inia na kichwa kinagonga chuma, na nimesikia mwengine alilazwa juu ya punda. Aliyeanguka kutoka juu huenda uti wa mgongo umeumia, ukimkunja ndio unamaliza alichobakisha Mola. Kama anapumua na hakuna hatari ya kitu kumwangukia muache pale pale, mmoja apige magoti ashike kichwa kisigeuke, damu ikandamizwe kwa kitambaa safi, na ahamishwe kwa machela ngumu, akiwa amefungwa. Machela ya kununua ikikosekana fundi wenu wa mbao atengeneze ubao wa urefu wa mtu wenye matundu ya kushikia pande zote na mikanda minne, ni kazi ya mchana mmoja.

Na yule aliyevaa mkanda wa usalama akaanguka akabaki ananing'inia, watu hudhani huyo ameshaokoka. Hajaokoka bado, damu yakaa miguuni na mkanda unambana mapajani, kwa dakika chache tu aweza kuzimia na kufa pale pale. Lazima mujue kabla vile mtamshusha, ngazi ipi, kamba ipi, nani.

Alafu kuna wa njia, na hawa ndio Lamu inawahitaji kuliko saiti ya Nairobi. Hospitali ya King Fahd iko mji wa Lamu, nyinyi mko Shela, kwa hivyo mgonjwa wenu anaenda kwa boti. Uwe na namba za manahodha wawili watatu wanaolala hapo karibu, ziandikwe kwa rangi ukutani na ziwe kwenye simu za watu watatu, pamoja na 999 ama 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Mtu mmoja wa njia akimbie gatini asimame na kitambaa chekundu boti imwone, mwengine atoe punda kichochoroni. Wewe wajua asubuhi kichochoro kimejaa punda wa mawe na mchanga, machela haipiti! Na mujue mapema maji yakipwa boti yaweza kushika wapi, ikiwa ngazi zenu hukauka mujue gati la pili ni lipi na machela itapita njia gani kufika huko. Bandika kalenda ya maji kupwa na kujaa pale ubaoni, mvuvi yeyote atakusaidia kuijaza.

Hayo ya maji ndio yananileta kwa mahali pa kukusanyikia. Pwani hapo mbele ni pazuri maji yakiwa yamepwa, lakini siku za bamvua, maji yakijaa sana, ukuta utakuwa nyuma yenu na bahari mbele. Tafuta pawili. Pawe mbali na jengo angalau mara moja na nusu ya urefu wake wa kwenda juu, kwa hivyo kichochoro kilicho ubavuni mwa jengo hakifai hata kama kina kivuli kizuri na baraza. Nenda uongee na jirani mwenye kiwanja ama shamba la minazi, ama wazee wa msikiti, waombe kwa adabu, hakuna mtu Shela atakayekukatalia jambo kama hilo.

Sasa kuhesabu. Watu wamefika hapo nje, je wote wametoka? Rejista ya asubuhi haitoshi kwa sababu kibarua ameandikwa saa moja, saa nne ameenda kununua chai, saa saba nusu ya watu wako msikitini. Mimi nilitumia ubao wa misumari. Ubao mmoja kwenye mlango, misumari 60, na vifuniko vya soda vilivyotobolewa vikaandikwa namba kwa rangi, kila mtu ana namba yake, ukiingia unatundika na ukitoka hata kwa dakika tano unaondoa. Mwenye rejista akisikia ishara anang'oa ubao mzima anakimbia nao. Kifuniko kinachobaki bila mwenyewe kujitokeza, huyo yuko ndani. Kiliwahi kubaki kimoja, namba 22, kwenye zoezi tu, tukamkuta kijana amelala usingizi nyuma ya mifuko ya simiti ghorofa ya kwanza, hakusikia kitu. Ingekuwa moto!

Ndio maana ishara nayo ni muhimu, mikisa ya konkriti ikiwa inazunguka firimbi haisikiki. Tundika kipande cha reli ama chuma kizito upige kwa nyundo, ama honi ya hewa, muradi iwe sauti ambayo haitumiki kwa kitu kingine chochote pale saiti. Huku kwetu siwa, ile baragumu kubwa, ikipigwa mji mzima ulijua kuna jambo kubwa, hata hakuna aliyeuliza ni nini.

Moto sitaongea mrefu. Makuti yakishika, na hasa upepo wa kaskazi ukivuma Disemba mpaka Machi, usijaribu kupigana nayo kutoka juu ya paa, ni dakika chache tu. Mitungi ya kuzimia moto na ndoo za mchanga ni kwa moto mdogo wa chini ambao mlango uko mgongoni mwako. Kuchomelea vyuma kumalizike kabisa kabla fungu la kwanza la makuti halijapandishwa juu, hio nakuomba uiweke hata kwenye mkataba.

Mwisho kwako, fanyeni zoezi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kila mahali pa kazi pawe na utaratibu wa kutoka wakati wa dharura na ujaribiwe mara kwa mara, na kanuni za moto za mwaka huo huo zasema zoezi la moto angalau mara moja kila miezi 12. Lakini miezi 12 ni ya kiwanda, mjengo wako mwezi ujao hautakuwa huu, ngazi iliyokuwa pale itakuwa imeondolewa. Fanya kila ukipandisha ghorofa. La kwanza waambie, la pili usiwaambie, na chukua saa uandike dakika ngapi mpaka kifuniko cha mwisho, na machela ifike mpaka gatini kweli ikiwa na mtu mzito juu yake. Tena kila asubuhi vibarua wapya wasimame dakika tano waonyeshwe njia, mahali pa kukusanyikia, na uso wa yule wa kuzuia.

SWALI: Mwalimu hujambo. Mimi ni mama wa chakula, nawauzia vijana wa mjengo hapa Malindi mahamri na mbaazi asubuhi na wali mchana, naingia ndani mpaka ghorofa ya pili na sufuria zangu. Juzi walifanya zoezi la kutoka, kengele ikalia wakakimbia wote, mimi hakuna aliyeniambia kitu nikabaki nimesimama na beseni. Nilipouliza nikaambiwa mimi sio mfanyakazi. Je, ni sawa? – Mama Mahamri, Malindi

JIBU: Sijambo mama yangu, pole sana. Sio sawa hata kidogo. Saruji haiulizi nani yuko kwenye mishahara. Yeyote aliyeko ndani ya uzio ahesabiwe, wewe, mwenye punda, fundi wa Safaricom aliyekuja kuangalia waya, mtoto aliyetumwa kuleta simu ya babake, na mtoto huyo afadhali aishie mlangoni. Mwambie fomeni akupe kifuniko chako pale ubaoni ama namba yako kwenye rejista, na kuuza kufanyike chini, upande wa mlango, vijana ndio waje kwako.

Na mama nikwambie kitu, wewe una hesabu kuliko rejista. Wewe wajua nani amechukua mahamri manne kwa deni leo na nani hajaja tangu jana. Siku moja kontrakta mmoja alikuwa ahangaika kumtafuta kibarua baada ya jukwaa kuanguka, watu wanaanza kupekua kifusi, mama wa chakula ndiye aliyesema huyo leo hakuja, deni lake nimemwandikia Jumanne. Waliokuwa wanajitia kwenye kifusi wakatoka. Mwambie fomeni wako amuite mama wa chakula pale mahali pa kukusanyikia, asimame karibu na mwenye rejista.

SWALI: Mimi ni saidia fundi, Lamu mjini, twarekebisha nyumba ya kale ya mawe. Ukuta mmoja umefanya tumbo na boriti za dari zimeliwa na mchwa, nilipomwambia msimamizi akasema kama naogopa niende nyumbani kuna wengine wanataka kazi. Sheria yasemaje? – Sina jina

JIBU: Kijana wangu, sheria ile ile ya 2007 iko upande wako. Ukiwa na sababu ya maana ya kuamini kuna hatari ya karibu, unamwambia msimamizi wako, na mpaka arekebishe hawezi kukulazimisha urudi pale. Usimwambie mkiwa wawili tu, mwambie mbele ya wenzako wawili na umtumie na meseji pia, iwe na tarehe, na picha ya lile tumbo la ukuta. Ikiwa mko 20 ama zaidi panatakiwa pawe na kamati ya usalama yenye wafanyakazi ndani yake, ulizia. Akipuuza nenda kwa afisa wa usalama na afya kazini, ile idara inayoitwa DOSHS. Na msimamizi wako akisoma hapa ajue kwamba mtu akifa kazini mwajiri atatakiwa kumwarifu afisa huyo ndani ya saa 24, na barua ndani ya siku 7, na la kwanza atakaloulizwa ni kama aliambiwa.

Nyumba hizi za mawe ya matumbawe na chokaa mara nyingi hazianguki kwa ghafla bila kusema. Ufa ambao jana uliingia ukucha leo waingia kidole, chokaa yadondoka kama unga bila mtu kugusa, mlango uliokuwa wafunguka waanza kukwama, boriti yalia usiku. Bandika kipande cha karatasi kwa gundi juu ya ufa, ama cha kioo kwa simiti, kikipasuka ukuta unatembea. Hapo sio pa kusubiri fomeni arudi kutoka chakula, hapo ni kupiga kelele watu watoke, na jirani wa ukuta wa pili naye agongewe mlango, kwa sababu kule Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, ukuta ni wenu wawili na watoto wake wamelala upande wa pili.